Kanuni za Darasa na Kanuni za Mchezo

Ukishuka Tabaka, katika Mugirango Kusini, utasikia msumeno ukikwaruza jiwe kabla hujamwona mchongaji mwenyewe. Jiwe la sabuni la huko ni laini. Hukubali kisu na panga, kisha husuguliwa kwa msasa na maji mpaka likang'ara kama kitu kilichopakwa mafuta. Humo hutoka sahani, sanamu za tembo, vinara vya mishumaa, na vyombo vya michezo pia: miraba ya sataranji pamoja na wafalme na farasi wake, na bao zenye mashimo. Bao moja kama hilo nalimiliki mimi. Lina safu nne za mashimo manane manane, na kila mwanzo wa mwaka hulibeba darasani, hulitua juu ya meza, na kabla sijasema neno huona furaha ikizuka katika nyuso za wanafunzi. Wadhani tutacheza.

Naam, twacheza, lakini si siku ile. Siku ile ya kwanza nawasomea kanuni za darasa, na furaha yote hutoweka.

Somo lenyewe ni hisabati ya michezo. Twatazama bao, drafti, sataranji, sarafu na dadu, na kuuliza mambo ambayo mchezaji huyafanya bila kuyauliza. Kwa nini kete za bao ni 64, na miraba ya sataranji ni 64 vilevile? Ukiweka punje moja ya ngano katika mraba wa kwanza, mbili katika wa pili, nne katika wa tatu, ukazidi kuongeza maradufu mpaka mwisho, utahitaji punje ngapi? Jibu ni 18,446,744,073,709,551,615, na hakuna ghala Gusii nzima, wala duniani, la kuzitosha. Mambo hayo hupendeza. Lakini mwanafunzi aliyekaa mbele yangu siku ya kwanza hayasikii bado. Asikia kwamba kazi ni ya Jumatatu, kwamba kila jibu lazima lionyeshe njia yake, kwamba kushauriana kwaruhusiwa na kunakili hakuruhusiwi, kwamba atakayekosa mtihani atajua la kufanya. Naye ajiuliza, kama nilivyojiuliza mimi nilipokuwa katika benchi lake: huyu ni nani hata anifunge kamba hizi zote?

Msomaji, swali hilo ni jema, nami nataka tulitazame pamoja. Kanuni ya darasa ni kitu gani hasa? Je, ni amri ya mwenye nguvu kwa asiye na nguvu, ambayo yafaa kuitii akitazama na kuiacha akigeuza mgongo? Au ni kitu kingine?

Nalipata mwanzo wa jibu sokoni Keroka, mji ambao mpaka wa Kisii na Nyamira hupita katikati yake. Vijana wawili walikuwa wakicheza drafti kwa vifuniko vya chupa za soda, mmoja akiviweka wima na wa pili akivipindua ili wavitofautishe. Mmoja akapata kingi, akamrusha kutoka pembe hadi pembe, akala vifuniko viwili. Mwenziwe akapiga kelele: kwao, upande wa Ogembo, kingi hutembea hatua moja tu! Wakabishana mpaka watu wakajaa. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi na fimbo yake akawauliza neno moja tu: "Mlikubaliana nini kabla ya kuanza?" Wakanyamaza wote wawili, maana hawakuwa wamekubaliana lolote. Mzee akakung'uta ubao, vifuniko vyote vikamwagika. "Basi hamkuwa mkicheza," akasema.

Tazama vizuri jambo hili. Kanuni ya kingi arukaye si bora kuliko ya kingi atembeaye. Hakuna haki wala dhuluma katika mojawapo. Dhuluma huingia pale kanuni inapotafutwa baada ya kifuniko kusogezwa, kwa sababu wakati huo kila mmoja amekwisha kujua ni ipi itakayomfaa. Wazee wetu walilijua hilo katika mashamba. Ardhi ya Gusii hugawanywa vipande vyembamba vinavyoshuka kutoka mgongo wa kilima hadi mtoni, na kila kizazi kipya hugawanya kipande hicho tena. Mpaka uliopandwa miti siku ya amani hushikika. Mpaka unaotafutwa siku ya ugomvi hutafutwa kwa mapanga.

Kwa hiyo kanuni iliyotangulia si kamba tu. Bila kanuni ya kete, kete ni kokoto. Bila kanuni ya shimo, bao ni jiwe lenye vidonda. Vivyo hivyo ninaposema kwamba kila jibu lionyeshe njia yake, sikuongezei mzigo nje ya hisabati. Nakuambia hisabati yenyewe ni nini. Katika bao, mchezaji hawezi kuziteka kete zote mkononi na kumwambia mwenziwe, "Nimekwisha hesabu, zitaishia shimo la tano, niamini." Lazima azipande moja moja mbele ya macho ya watu. Huenda hesabu ya kichwani ilikuwa sahihi. Haitoshi. Jibu lisilo na njia ni kete zilizofichwa katika kiganja.

Na kushauriana? Umeona watu wanaozunguka mchezo. Hawanyamazi, huyu aonya, yule acheka, wa tatu anong'ona. Sijapata kuona kuwa hilo laharibu mchezo, maadamu mkono upandao ni wa mchezaji mwenyewe na akili ichaguayo ni yake. Ndiyo maana nawaruhusu wanafunzi wajadiliane usiku kucha wakitaka, lakini daftari lifungwe kabla kila mmoja hajaandika lake.

Juu ya kunakili sitasema maneno mengi, maana mmekwisha kuambiwa mengi na wengi. Nitawaambia nilichokiona Tabaka. Nalimkuta kijana akichonga farasi wa sataranji. Alikuwa amechonga mamia; shingo, masikio, puani, vyote vilikuwa vya kupendeza kuliko vya kiwandani. Nikamwuliza farasi huyo huenda vipi ubaoni. Akacheka, akasema hajui, hajawahi kuucheza mchezo huo; yeye huchonga na kuuza. Kwake yeye hapana kosa, kwa kuwa kazi yake ni kuchonga, na aijua sana. Lakini mwanafunzi anakiliye hesabu ya jirani yake ana umbo la farasi katika daftari wala hajui farasi huruka vipi, ilhali alikuja shuleni kujifunza kuruka.

Nchi yetu ilionja jambo hilo kwa uchungu. Mwaka 2015 udanganyifu ulienea katika mtihani wa kidato cha nne hata matokeo ya watahiniwa zaidi ya 5,000 yakafutwa. Mwaka uliofuata, waziri wa elimu wa wakati huo, Fred Matiang'i, mzaliwa wa Nyamira, aliukaza ulinzi wa mitihani. Na watahiniwa waliopata alama ya A katika Kenya nzima, ambao mwaka 2015 walikuwa zaidi ya 2,600, walikuwa 141. Sitaki kusema kwamba wale wote waliopungua walikuwa wezi. Mitihani miwili si lazima iwe sawa kwa ugumu. Lakini fikiri juu ya mwanafunzi mmoja wa mwaka 2015, aliyekesha, akaipata A yake kwa jasho. Ni nani aliyemwamini? Aliyeibiwa zaidi na wadanganyifu ni yule aliyeshika kanuni.

Ziko pia kanuni ambazo ni mtego. Nje ya stendi za magari utamkuta mtu wa pata potea, akipindua karata tatu kwa wepesi wa ajabu na kukuomba uonyeshe moja. Ukitumia hesabu tu, na hata mtu huyo akiwa mwaminifu, una nafasi moja kwa tatu. Naye si mwaminifu. Mchezo wake una kanuni mbili, moja aliyokuambia na nyingine iliyo katika mkono wake wa mashati. Basi mwalimu mwenye kanuni anazozijua yeye peke yake, aliyesahau kusema kwamba mwandiko mbaya hupunguza alama, akazipunguza, amefanana na nani?

Hapa natamani ningeweza kuendelea kusema juu ya walimu wengine. Haki yataka niseme juu yangu.

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa kijana niliyetoka chuo cha ualimu na bidii nyingi, nalifundisha katika shule ambayo sitaitaja. Kanuni yangu iliandikwa juu ya ubao kwa herufi kubwa: kazi isiyofika mezani kabla ya kengele ya kwanza ya Jumatatu haina alama. Sikuweka neno lingine lolote. Msichana mmoja wa kidato cha pili akaniletea kazi yake Jumanne. Hesabu zote kumi, zote na njia zake. Akasema mama yake alilazwa hospitalini, na yeye ndiye aliyechuma chai, akaipeleka kituoni, akawapikia wadogo zake. Nilimwamini. Walakini nilimrudishia daftari nikasema, "Kanuni ni kanuni." Nilijiona mwalimu wa haki.

Wiki tatu baadaye mvulana mmoja alikuja Jumanne vilevile. Babu yake alikuwa amezikwa mwisho wa juma. Baba yake nilimfahamu. Alikuwa amenisaidia nilipohamia mtaa ule, nami nalikula kwake. Tena, usiku mwingi nilikuwa nimelala nikiusumbukia uso wa yule msichana, nikaona kwamba nilikuwa mkali mno. Nikalipokea daftari la mvulana, nikamtia alama. Nalidhani kwamba nimejifunza huruma.

Msichana alikuwa ameketi benchi la mbele. Hakulia wala hakupandisha sauti. Alisema tu, "Mwalimu, kumbe kanuni ile ilikuwa yangu peke yangu."

Siku ile ile nilimwita nikampa alama zake. Alipokea, akasema asante. Wala hakuinua mkono tena katika darasa langu mpaka mwaka ulipokwisha.

Nimewasimulia walimu wenzangu habari hii mara nyingi. Baadhi husema kosa langu lilikuwa Jumanne ya kwanza, maana nilikosa huruma. Wengine husema lilikuwa Jumanne ya pili, maana nilivunja kanuni kwa ajili ya rafiki. Wote wana sehemu ya kweli. Hata hivyo, kadiri miaka ipitavyo, naona kosa lilitangulia Jumanne zote mbili. Lilikuwa siku ya kwanza, niliposimama mbele ya ubao nikaandika kanuni kana kwamba katika Nyamira mama hawaugui na babu hawafi. Niliandika kanuni nisiyoweza kuishika. Ilipofika saa ya kuishika, nilibaki na njia mbili, ukatili au upendeleo, na ndani ya mwezi mmoja nilizipita zote mbili.

Utaniambia: basi mwalimu asiwe na kanuni, amtazame kila mwanafunzi na shida yake, ahukumu kwa moyo. Maneno haya ni matamu, nami nayaogopa. Moyo wangu ulimfahamu baba wa mvulana. Haukumfahamu mama wa msichana. Moyo humsikia upesi mwenye ulimi mwepesi, na mwenye aibu hubaki mlangoni. Anayesema "nitahukumu kwa moyo" amesema, bila kujua, "nitawapendelea ninaowajua."

Lakini liko pingamizi lingine, zito kuliko hilo, na sitalipita kwa haraka. Katika bao la kujifunza kila shimo huanza na kete mbili. Huyu ana 32 na yule ana 32. Mchezo ni wa haki kwa sababu mwanzo ni sawa. Darasa halianzi hivyo. Mmoja atoka nyumba yenye taa na meza na dada aliyemaliza chuo. Mwingine huandika magotini kando ya moto wa jikoni, baada ya kuteka maji chini ya kilima na kuyapandisha. Tena, mchezaji wa bao aliketi kwa hiari yake. Wewe, mwanafunzi, hukuombwa. Je, kanuni moja kwa wasiolingana ni haki?

Wenye hisabati walikutana na swali lililo jirani ya hili. Wachezaji wawili wameweka fedha katikati. Atakayeshinda mara tatu kwanza atazichukua zote. Mmoja amekwisha kushinda mara mbili, mwenziwe mara moja, na mchezo unakatizwa. Wagawane vipi? Mwaka 1494 Mwitalia Luca Pacioli aliandika kwamba wagawane kwa kadiri ya ushindi uliopita: mafungu mawili kwa moja. Yaonekana ni haki. Lakini mwaka 1654 Wafaransa wawili, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, walipoandikiana barua juu ya jambo hili, walitazama upande mwingine. Pascal alichukua mfano wa vipande 64 vya fedha, kila mmoja akiwa ameweka 32. Alisema hivi: fikiri juu ya mchezo mmoja tu ujao. Aliyetangulia akishinda, atachukua vyote 64. Akishindwa, watakuwa sawa, na kila mmoja atachukua 32. Basi 32 ni vyake kwa vyovyote. Ubishi ni juu ya 32 zilizobaki, na juu ya hizo nafasi zao ni sawa. Apewe 48, na mwenziwe 16.

Nafundisha hesabu hii kila mwaka, na kila mwaka hunigusa mahali pale pale. Pascal hakuuliza ni nini kilichopita. Aliuliza ni nini ambacho kingaliweza kutokea. Mwanafunzi aliyelazwa katikati ya muhula ni mchezo uliokatizwa. Nikimtia sifuri, nimemhesabu kuwa ameshindwa mchezo ambao hakuucheza. Nikimpa alama za bure, nimemhesabu kuwa ameshinda. Njia zote mbili zinamnyima nafasi yake, na nafasi ndiyo mali yake hasa. Tena sisi tuna heri kuliko wale wachezaji, maana mara nyingi mchezo wetu waweza kuendelezwa: mtihani mwingine waweza kuandikwa, siku nyingine yaweza kupangwa. Sijasema kwamba hilo lamfanya mwenye taa na asiye na taa wawe sawa. Kanuni ya darasa haiwezi kufanya kazi hiyo peke yake. Lakini yaweza kukataa kuongeza tofauti juu ya tofauti.

Kwa hiyo siku hizi kanuni zangu ni ndefu kidogo. Kila mwanafunzi ana siku mbili za kuchelewa katika kila muhula, azitumie apendavyo, wala haulizwi sababu. Aliyekosa mtihani atauandika mwingine siku iliyokwisha kutajwa mwanzoni, awe alikosa kwa homa au kwa mazishi. Huruma imewekwa ndani ya kanuni kabla sijaiona sura ya atakayeihitaji.

Wenzangu wamenionya kwamba wavivu watazitumia siku hizo kwa uvivu. Ni kweli, wanazitumia. Mvulana mmoja alizimaliza zote mbili kwa kutazama mpira. Zilikuwa zake. Lakini ilipofika mara ya tatu akaja na hadithi ndefu, nalimwonyesha karatasi aliyoitia sahihi siku ya kwanza, naye akaisoma, akarudi kuketi bila kununa. Hakusema kwamba kanuni ilikuwa yake peke yake.

Kwa nini siulizi sababu? Kwa sababu yule msichana alilazimika kunieleza mbele ya darasa zima habari za mama yake, kisha nikamrudishia daftari. Hakuna bao linalomtaka mchezaji aseme siri za nyumbani kabla ya kusogeza kete.

Mwaka huu, nilipokuwa nimekwisha kuyasoma hayo yote, bao la Tabaka likiwa juu ya meza na wanafunzi wakilitazama kwa hamu, msichana mdogo wa nyuma aliinua mkono. Aliuliza, "Mwalimu, na wewe una siku mbili?"

Sikumwelewa. Akaeleza kwa heshima kwamba muhula uliotangulia madaftari yao yalikaa kwangu wiki tatu bila kusahihishwa, na hawakujua walikosea wapi mpaka mtihani ulipofika.

Darasa zima likanitazama. Nalichukua chaki nikaandika chini ya kanuni zao: madaftari yatarudishwa Ijumaa, mwalimu ana siku mbili za kuchelewa kwa muhula. Kisha nikaitia sahihi karatasi kama walivyotia wao, nayo imebandikwa ukutani kando ya dirisha. Tuko katikati ya muhula sasa. Nimekwisha kutumia siku moja.